Shika, Lakini Using'ang'anie
Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima

Yafaa kila mmoja awe na kalamu na karatasi mbele yake, maana leo tutaanza na kazi ndogo ya mkono.

Tafadhali shika kalamu yako. Ishike kwa nguvu zako zote, kama mtu anayeshika mpini wa jembe katika udongo mkavu. Sasa andika jina lako.

Umekwisha? Tazama ulichoandika. Vidole vinauma, herufi zimekwenda kombo, na pengine karatasi imetoboka. Sasa legeza mkono. Usiiachie kalamu ikaanguka. Ishike kiasi cha kuiongoza tu. Andika jina lako mara ya pili.

Linganisha majina hayo mawili. Jina la pili limekaa vizuri zaidi, na wala hukuongeza nguvu. Ulipunguza nguvu, kazi ikawa nzuri.

Basi, mmekwisha kuliona somo la leo. Kuna namna tatu za kushika kitu. Namna ya kwanza ni kukikaza mpaka kikuumize. Namna ya pili ni kukiachia kikaanguka. Namna ya tatu ni kukishika kwa mkono mwepesi, ukakitumia, na siku kitakapoondoka, mkono wako usivunjike pamoja nacho. Namna hii ya tatu tutaiita kutong'ang'ania. Watu wa India wameifikiria kwa miaka mingi sana, nao wana mafundisho juu yake yaitwayo yoga.

YOGA NI NINI?

Siku hizi neno yoga linajulikana mahali pengi. Mwezi wa Desemba 2014 Umoja wa Mataifa uliweka Siku ya Yoga ya Kimataifa, nayo huadhimishwa tarehe 21 Juni kila mwaka tangu 2015. Katika miji mingi utaona watu wametandika mikeka, wanajinyoosha na kujikunja. Kwa sababu hii wengi hudhani kwamba yoga ni mazoezi ya viungo tu. Kumbe viungo ni sehemu moja, tena si sehemu ya kwanza.

Neno lenyewe ni la Kisanskriti, lugha ya kale ya India. Limetoka katika neno lenye maana ya kufunga nira. Ninyi mliolima kwa maksai mwajua nira, ule mti uwekwao shingoni mwao ili wavute jembe pamoja. Maksai wawili wasiofungwa nira wana nguvu nyingi, lakini mmoja huelekea kwenye majani na mwingine huelekea mtoni. Shamba halilimwi. Akili ya mtu ni kama maksai hao. Nusu yake iko kwenye kazi, na nusu nyingine iko kwenye hofu ya kesho au kwenye maneno ya jirani. Yoga ni kuzifunga nusu hizo mbili ziende njia moja.

Mtu mmoja wa India aitwaye Patanjali aliyakusanya mafundisho haya katika kitabu kiitwacho Yoga Sutra, zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Kitabu hicho ni kidogo. Mafungu yake hayafiki 200, na kila fungu ni maneno machache tu. Humo ametaja sehemu nane za yoga. Kukaa vizuri kwa mwili ni sehemu ya tatu, na kuongoza pumzi ni ya nne. Sehemu ya kwanza ni namna ya kuishi na watu, nayo ina sheria tano: kutodhuru, kusema kweli, kutoiba, kuzitawala tamaa za mwili, na kutojilimbikizia vitu. Basi, kabla mtu hajafika kwenye mkeka, anaulizwa kwanza habari za nyumba yake na jirani zake.

Patanjali asema pia kwamba akili hutulizwa kwa vitu viwili vikiwa pamoja. Cha kwanza ni mazoezi, yaani kurudia jambo kwa muda mrefu, bila kukatiza, na kwa moyo. Cha pili kwa Kisanskriti huitwa vairagia, yaani kulegea kwa tamaa. Wafafanuzi wake wa zamani walifananisha akili na mto unaoweza kutiririka pande mbili. Kulegea kwa tamaa kunaziba upande unaopoteza maji, na mazoezi yanafungua upande wa shambani. Mkulima wa mfereji ataelewa upesi. Ukiziba tu bila kufungua, maji yatafurika. Ukifungua tu bila kuziba, maji hayatakufikia. Yote mawili ni lazima.

KAZI NA MATUNDA YA KAZI

Kitabu kingine cha India kinacholieleza jambo hili ni Bhagavad Gita. Kina sura 18. Ndani yake kuna askari aitwaye Arjuna, aliyesimama katikati ya majeshi mawili, na pande zote mbili ameona ndugu zake, walimu wake na rafiki zake. Mikono yake ikalegea, upinde ukamwanguka, akataka kuacha yote. Mwendesha gari lake la vita, Krishna, akaanza kuzungumza naye, na mazungumzo hayo ndiyo kitabu chenyewe. Wafuasi wengi wa dini ya Kihindu huamini kwamba Krishna huyo ni Mungu mwenyewe aliyekuja katika umbo la mtu.

Fundisho moja la kitabu hicho laweza kuelezwa hivi: kazi ni yako, lakini matunda yake hayako katika amri yako. Kwa hiyo fanya kazi, wala usiifanye kwa sababu ya matunda peke yake. Tena usije ukakimbilia kukaa bure kwa kuwa matunda hayako katika amri yako.

Sehemu hii ya mwisho isisahauliwe. Watu wengi wakisikia habari za kutong'ang'ania hudhani ni kuacha kazi, kwenda msituni, au kukaa kivulini na kusema lolote liwe. Arjuna alitaka kufanya hivyo hasa, na Krishna alimkataza. Fundisho halikusema, angusha kalamu. Lilisema, legeza vidole uandike.

MTU MMOJA ALIYEJARIBU

Wasikilizaji wapendwa, mafundisho bila mfano ni kama mboga bila chumvi. Basi nitawaeleza habari za mtu mmoja aliyejaribu kuyaishi, naye ni Mohandas Gandhi. Huyu alipita pwani yetu mwaka 1893, akiwa kijana mwanasheria safarini kwenda Afrika ya Kusini. Meli yake ilitia nanga Lamu, kisha Mombasa, kisha Unguja, ambako alingoja siku kadhaa kabla ya kupanda meli nyingine.

Gandhi aliisoma Bhagavad Gita mara ya kwanza London, alipokuwa mwanafunzi wa sheria. Baadaye, akifanya kazi Johannesburg, alitaka kuihifadhi kwa moyo, lakini hakuwa na nafasi. Akafanya hivi. Kila asubuhi alitumia dakika 15 kupiga mswaki, akiwa amesimama mbele ya ukuta. Akabandika ukutani vipande vya karatasi vyenye beti za kitabu hicho, akawa anazisoma huku anasafisha meno. Kwa njia hiyo alihifadhi sura 13. Ninyi mnaosema hamna nafasi ya kujifunza kusoma, tazameni ukuta mlio nao nyumbani.

Lakini kuhifadhi maneno ni kazi nyepesi kuliko kuyafuata. Gandhi alikuwa amekata bima ya maisha ya rupia 10,000 kwa ajili ya mke wake na watoto. Alipofikiri juu ya kutojilimbikizia, aliacha kuilipia. Tena alimwandikia kaka yake, ambaye alikuwa amezoea kumpelekea akiba yake yote, kwamba tangu sasa akiba itatumiwa kwa faida ya watu wote. Kaka yake alikasirika sana. Nanyi mwaweza kuona kwa nini alikasirika. Hapa ndipo somo letu linapokuwa gumu.

MKUFU WA KASTURBA

Hata kabla ya hayo, mwaka 1901, Gandhi na jamaa yake walikuwa wakiondoka Natal kurudi India. Wahindi wa huko waliompenda kwa kazi yake waliwapa zawadi nyingi za dhahabu, fedha na almasi. Mojawapo ilikuwa mkufu wa dhahabu wa thamani ya zaidi ya paundi 50 za Kiingereza, nao alipewa mke wake, Kasturba.

Usiku ule Gandhi hakulala. Alitembea huku na huku chumbani. Aliona kwamba aliyetumikia watu hapaswi kulipwa dhahabu. Lakini aliona pia kwamba kuziacha zawadi za thamani kubwa namna ile si jambo rahisi. Mwishowe akaandika barua ya kuziweka zawadi zote chini ya wadhamini, zitumiwe kwa faida ya Wahindi wa Afrika ya Kusini. Asubuhi akawauliza watoto kwanza, nao wakakubali mara moja. Kisha akamwendea mke wake.

Kasturba hakukubali. Gandhi mwenyewe ameyaandika majibu ya mkewe katika kitabu cha maisha yake, nayo ni majibu ya mtu mwenye akili. Alisema kwamba huenda mume hahitaji vito, na watoto wamekwisha kushawishiwa, lakini je, wakaza wana watakaokuja? Nani ajuaye kesho itakuwaje? Tena akauliza, mume ana haki gani juu ya mkufu aliopewa mke? Gandhi akamuuliza kama mkufu ule ulitolewa kwa sababu ya kazi ya mke au ya mume. Kasturba akajibu kwamba kazi ya mume ni kazi yake pia, maana amemtumikia usiku na mchana, amewahudumia wageni wake, na amelia machozi. Je, hiyo si kazi?

Mwishowe zawadi zote zilirudishwa, pamoja na zile za mwaka 1896. Fedha hizo ziliwekwa benki, zikasaidia kazi za watu kwa muda mrefu. Gandhi aliandika kwamba hakujuta kamwe, na kwamba miaka ilipopita mke wake naye aliiona hekima ya jambo lile. Lakini aliandika pia kwamba siku ile alimpata kwa kumshurutisha.

Mabibi na mabwana, nimeileta habari hii kwa sababu ina mafunzo mawili, na watu wengi hushika moja tu. Funzo la kwanza ni kwamba mtu aweza kufungua mkono mbele ya dhahabu, na watu wengi wakafaidika. Funzo la pili ni swali la Kasturba. Kila mmoja ana mkono wake wa kufungua. Ukifungua mkono wako, hiyo ni yoga. Ukiufungua mkono wa mwenzako kwa nguvu, hata kwa sababu nzuri, umemnyang'anya. Baba anayeuza ng'ombe wa nyumbani bila shauri la mama, akasema hajali mali, ajiulize kwanza mali ile ni ya nani.

MAZOEZI YA MKEKANI

Sasa tuje kwenye mwili. Mwili hutufundisha jambo hili bila maneno. Patanjali asema mkao mzuri sharti uwe imara na wa raha kwa pamoja, na kwamba hupatikana kwa kulegeza juhudi. Mwalimu, tafadhali wape wanafunzi dakika kumi baada ya matangazo haya. Mgonjwa, mama mjamzito, na mwenye maumivu ya mgongo wakae kitini tu, na wamuulize daktari kabla ya kufanya zaidi.

Kwanza, kaa mkekani, au kitini kama magoti hayaruhusu. Nyoosha mgongo. Weka mikono juu ya mapaja, viganja vikiwa wazi. Fumba ngumi kwa nguvu, hesabu tano, kisha fungua. Fanya hivyo mara tatu. Angalia vizuri tofauti ya mkono uliofumbwa na mkono uliofunguliwa. Mkono uliofumbwa umechoka, wala haukuwa na kitu ndani.

Pili, sikiliza pumzi yako. Vuta pumzi taratibu kwa pua, kisha itoe taratibu. Usiizuie. Kila pumzi uliyonayo huna budi kuitoa ili upate nyingine. Mtu aliyesema pumzi hii ni yangu, siitoi, hatafika mbali. Fanya hivyo mara kumi, ukihesabu kimoyomoyo. Fikira ikija, ya deni au ya mtoto au ya mvua, usigombane nayo wala usiifuate. Iache ipite kama mpita njia, nawe rudi kwenye hesabu. Ukisahau hesabu, anza tena na moja. Huko kuanza tena ndiko mazoezi yenyewe.

Tatu, lala chali, miguu imeachana kidogo, mikono kando, viganja juu. Mkao huu huitwa shavasana, yaani mkao wa maiti. Legeza vidole vya miguu, kisha magoti, tumbo, mabega, taya na paji la uso. Watu wengi hushangaa kuona kwamba taya limekazwa tangu asubuhi, bila wao kujua. Pumzika dakika tatu, kisha geuka ubavu, uinuke polepole.

MAZOEZI YA KILA SIKU

Dakika kumi za mkekani hazitoshi kama saa zote nyingine umekaza. Kwa hiyo nawapa mazoezi matatu ya nyumbani na kazini.

La kwanza ni la kuandika. Piga mstari katikati ya karatasi. Upande mmoja andika: Yaliyo mkononi mwangu. Upande wa pili andika: Yasiyo mkononi mwangu. Kwa mfano, mkulima wa mahindi ataandika upande wa kwanza kuchagua mbegu, kupanda mapema, kupalilia, na kukausha mahindi vizuri kabla ya kuyaweka ghalani. Upande wa pili ataandika mvua, nzige na bei ya soko. Kisha upe upande wa kwanza nguvu zako zote, na upande wa pili uuache upumzike. Lakini angalieni vizuri. Bei ya soko haiko mkononi mwa mtu mmoja, lakini kuungana na wenzake katika chama cha ushirika kuko mkononi mwake. Usiharakishe kuliandika jambo upande wa pili kabla ya kulichunguza.

La pili ni la sifa na lawama. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa nini hulitia maji? Kwa sababu macho yake yametoka kwenye kibuyu yakaenda kwenye sifa. Hapo zamani alipenda tembo liwe zuri, na sasa anapenda aitwe mgema mzuri. Sifa zikija, sema asante, kisha rudi kwenye kibuyu. Lawama zikija, zisikilize. Kama zina kweli, tengeneza. Kama hazina, rudi kwenye kibuyu.

La tatu ni lenu hasa, wanafunzi wa kisomo. Mtu mzima aingiapo darasani hung'ang'ania kitu kisichoonekana, nacho ni heshima yake. Nyumbani ni mzee wa mji, watu humwamkia shikamoo. Darasani amekaa karibu na kijana wa rika la mwanawe, na mwalimu anamwita ubaoni. Anaogopa kucheka kwao. Moyo unafumba kama ngumi. Akirudi nyumbani husema macho yake ni mabovu, au shamba limemzidi, na juma lijalo hafiki.

Ndugu yangu, mama yangu, usiache darasa kwa ajili ya jambo hilo. Heshima uliyong'ang'ania ilikufanya umpelekee mtu mwingine barua ya mwanao akusomee, naye akajua siri za nyumba yako. Ilikufanya utie dole gumba katika hati usiyojua maneno yake. Nenda ubaoni, uandike, ukosee, ufutiwe, uandike tena. Mkono ni wako, chaki ni ya darasa, na kicheko ni cha wenye kucheka. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

MAHALI WATU WANAPOKOSEA

Kabla sijamaliza, sharti nitoe maonyo matatu.

Onyo la kwanza: kutong'ang'ania si kutojali. Mzazi asiyemlipia mtoto matibabu na hali uwezo anao, asiseme ameacha tamaa ya dunia. Ameacha wajibu wake. Nimewaambia Gandhi aliacha bima yake. Sikuwaambia ili nanyi mwache akiba zenu. Mwenye watoto aweke akiba, ila asiifanye akiba kuwa bwana wake.

Onyo la pili: kutong'ang'ania si kukubali dhuluma. Akitokea tajiri aliyekutumikisha mwezi mzima, kisha akakuambia usipende sana fedha, huyo hakufundishi yoga. Anakula mshahara wako. Haki si tamaa. Kuidai haki kwa njia ya halali ni kazi iliyo mkononi mwako, nayo ifanye kwa ukamilifu. Gandhi huyo huyo alitembea kwa miguu mwaka 1930 mpaka pwani ya Dandi, safari ya siku 24, kwa ajili ya kuipinga sheria ya chumvi ya serikali ya Kiingereza. Mwaka huo huo tafsiri yake ya Bhagavad Gita kwa lugha ya Kigujarati ilichapishwa, na jina alilolipa ni Anasaktiyoga, maana yake yoga ya kutong'ang'ania. Mtu aliyefundisha kulegeza mkono ndiye aliyeokota chumvi kwa mkono huo mbele ya serikali.

Onyo la tatu: kutong'ang'ania si kukosa machozi. Kasturba alikufa tarehe 22 Februari 1944, wakiwa kizuizini pamoja katika mji wa Pune. Walikuwa wameishi katika ndoa miaka 60 na zaidi. Mwili ulipochomwa kwa desturi yao, Gandhi alikaa karibu na moto ule kwa saa nyingi. Hakuna anayesema kwamba siku hiyo aliivunja yoga. Aliye na mkono mwepesi hupenda kama wengine, naye hulia kama wengine. Tofauti ni kwamba amekwisha kujua tangu zamani kwamba alichoshika ni amana.

Neno hili amana mnalijua. Ukiwekewa amana, huitupi wala huiharibu. Huitunza kuliko hata kitu chako mwenyewe. Na mwenyewe akija kuitaka, humrudishia. Wala huna haja ya kubadili dini yako ili uelewe hivyo. Mwislamu ana neno lake, tawakali. Mkristo hufundishwa kumwachia Mungu ya kesho, na wazee wetu wa mila nao walikuwa na maneno yao.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

Sasa mwalimu atawaongoza katika maswali haya. Jibuni kwa mdomo kwanza, kisha kila mmoja aandike jibu moja kwa sentensi mbili au tatu.

1. Nira hufanya kazi gani? Akili ya mtu hufanana vipi na maksai wawili?

2. Gandhi alitumiaje dakika zake za mswaki? Wewe waweza kubandika maneno gani ukutani kwako juma hili?

3. Je, Kasturba alikuwa na haki ya kuukataa uamuzi wa mumewe? Wanaume wajibu kwanza, kisha wanawake. Halafu mbadilishane.

4. Taja jambo moja katika kijiji chenu ambalo watu husema haliko mikononi mwao, lakini wakiungana wangeweza kulifanya.

5. Tofauti ya haki na tamaa ni nini? Toeni mfano wa kila moja.

MANENO YA KUJIFUNZA KUANDIKA

Nira. Amana. Wadhamini. Vairagia. Legeza. Ng'ang'ania. Neno hili la mwisho lina ng' mara mbili, na alama yake isisahauliwe. Mkiliandika, lishikeni kwa mkono mwepesi.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya namna ya kuandika barua ya maombi ya kazi. Njooni na karatasi safi.